Kijana akikataa timu mbovu, kosa ni la nani?

Wasikilizaji, katika mpira wa Kiamerika, ule wa kushika kwa mikono, timu iliyoshika mkia ndiyo inatangulia kuchagua vijana wanaotoka chuo kikuu. Kijana mwenyewe haulizwi. Mwaka 2004 Eli Manning alisema mapema: San Diego Chargers siendi. Wakamchagua hivyohivyo, halafu siku ileile wakambadilisha na New York Giants. Mashabiki wakamzomea, eti ana kiburi. Kiburi gani? Timu ilikuwa imeshinda mechi 4 tu kati ya 16! Viongozi wanaharibu timu, wanapewa zawadi ya kuchagua wa kwanza, na anayetukanwa ni kijana anayetafuta kazi. Bo Jackson naye, mwaka 1986, aliwakatalia Tampa Bay Buccaneers akaenda kucheza besiboli. Wakabaki mikono mitupu.