Ubunifu wa Mhudumu wa Afya Uwekwe Katika Maandishi

Mgonjwa aliyepooza mikono na kupotewa na sauti aweza kuwa na akili timamu na maneno tele moyoni, akakosa njia ya kuyatoa. Kwake yeye, kusogeza kishale cha kompyuta kwa jicho, kidevu au shavu si anasa. Ndiyo kauli yake. Kwa hiyo, swali la nani anamiliki njia za kusogeza vitu kwenye kioo haliwahusu wanasheria peke yao.

Hataza ni haki apewayo mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kwa muda maalumu, aghalabu miaka 20. Sharti lake ni kwamba jambo liwe jipya, tena lisiwe la wazi kwa mjuzi wa fani hiyo. Sharti hilo lilipimwa mjini London katika shauri la HTC na Apple, lililohusu hataza ya kufungua simu kwa kuburuta picha kwenye kioo kwa kidole. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliibatilisha hataza hiyo, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono ubatilisho huo. Simu ya Neonode, kampuni ya Sweden, ilikuwa tayari ikifunguliwa kwa kupitisha kidole kwenye kioo, na kilichoongezwa na Apple kilikuwa cha wazi. Katika rufani hiyohiyo, hataza nyingine ya Apple kuhusu miguso ilinusurika. Kilichoamua si ukubwa wa kampuni, bali ushahidi wa kilichokwisha kujulikana.

Funzo hilo lafika hadi Kabanga, wilayani Ngara, mpakani na Burundi. Mhudumu wa afya wa huko akibuni swichi ya kidevu kwa ajili ya mgonjwa wa kiharusi, kisha asiiandike popote, ubunifu huo hautakuwa na shahidi siku mwingine atakapouombea hataza. Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 haitoi hataza kwa mbinu za kutibu mwili, lakini vifaa vya tiba vyaweza kupewa.

Wapo wasemao kwamba hataza huchochea uvumbuzi. Ni kweli, na mwenye nia ya kuipata aombe BRELA kwanza kabla ya kutangaza, kwani kutangaza mapema huweza kumharibia upya wa uvumbuzi wake. Asiyeitaka, basi na achapishe: mchoro, tarehe, vifaa na matokeo. Mwaka 2015 Intel iliiachia huru programu ya ACAT, iliyomwezesha Stephen Hawking kuandika kwa msuli wa shavu, ili yeyote aitumie na kuiboresha.

Vyuo vya tiba na hospitali viwafundishe wahudumu kuweka kumbukumbu ya ubunifu wao kama wanavyoweka ya dawa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili atakayepotewa ni mgonjwa.