Milango Iliyo Wazi ya Printa ya Ofisi

Muuzaji hukuonyesha karatasi ya maelezo na kukwambia, "Hii inakubali itifaki zote." Kweli zimo: LPD, poti 9100, IPP, FTP, Telnet, SNMP, wakati mwingine hata AppleTalk, ambayo Apple wenyewe waliitoa kwenye Mac mwaka 2009. Lakini ofisi ya watu ishirini inahitaji moja au mbili tu za kuchapia. Zilizobaki ni milango iliyoachwa wazi, na Telnet hupitisha nywila ya msimamizi bila kuificha hata kidogo. Usiongeze hela kwa ajili ya orodha hiyo. Muulize ni zipi unaweza kuzizima.

"Printa haina cha kuibwa." Hoja hii ndiyo inayoniuma zaidi. Poti 9100 haiulizi wewe ni nani, kinachofika, kinachapwa. Mwishoni mwa 2018 mtu mmoja alisema ametuma karatasi za kumpigia debe PewDiePie, mtengeneza video wa YouTube, kwenye printa 50,000 hivi duniani. Hakuvunja nywila yoyote. Poti zilikuwa wazi kwenye intaneti. Tena kinachopita humo husomeka. Niliwahi kuweka laptop yangu kati ya printa na swichi katika ofisi moja, nikafungua programu ya kunasa data ya mtandao, nikamwomba mhasibu achape kitu. Mistari ya mwanzo ilikuwa na @PJL, alama ya amri za printa, kisha jina lake, kisha jina la faili: mishahara ya mwezi ule. Alisimama nyuma ya kiti changu, akajisomea mwenyewe, akaenda kufunga mlango.

"IPP nayo ni yale yale." Sivyo. Ilitangazwa mwaka 1999, hutumia poti 631 na imejengwa juu ya HTTP, hivyo unaweza kuilinda kwa TLS kama tovuti ya benki, na inaweza kumdai mtu jina na nywila kabla ya kuchapa. AirPrint ya mwaka 2010 imesimama juu yake. Ndiyo maana iPhone inachapa bila mtu kutafuta draiva.

"Imeandika Offline, basi imekufa." Mara nyingi ni nzima kabisa. Windows huiuliza hali yake kwa SNMP, kwa kutumia neno "public". Mtu akibadilisha neno hilo kwenye printa, jibu halirudi, na Windows huamini printa haipo. Ingia kwenye mipangilio ya poti, uandike neno sahihi au uondoe tiki kwenye "SNMP Status Enabled". Nimewahi kukuta ofisi inaomba bei ya printa mpya kwa sababu ya tiki hiyo.

"Basi tuzime zote leo." Taratibu. Ukizima mDNS, inayoitangaza printa kwenye mtandao, simu hazitaiona. Ukizima SNMP, programu inayofuatilia tona haitapata habari. Chapa kwanza ukurasa wa mipangilio uuhifadhi, ili ujue ulikoanzia. Telnet na FTP zima leo, ila kama mashine yenu hutuma skani kwa FTP, hakikisha kwanza haziguswi. LPD ifuate kama hakuna mfumo wa zamani unaoitegemea. Poti 9100 iwe ya mwisho, baada ya kuhamisha kompyuta moja moja kwenda IPP, maana nyingi zimeunganishwa kwa poti hiyo bila wenyewe kujua.