Ushauri wa kisaikolojia mtandaoni: Siri itatunzwa wapi?

TANGU janga la Covid-19 lilipobisha hodi nchini mnamo Machi 2020, washauri wengi wa kisaikolojia jijini Nairobi wamekuwa wakiwahudumia wateja kwa njia ya simu na kompyuta. Mkazi wa Kangemi huepuka nauli na msongamano wa magari kuelekea katikati ya jiji.

Hata hivyo, faragha haigawanywi sawa. Wa Lavington hufunga mlango. Wa Kawangware, anayeishi na jamaa zake katika chumba kimoja cha mabati, afungie wapi?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini haimzuii jirani kutega sikio.

Ndiposa maandalizi ni muhimu: kuhakikisha mshauri amesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya 2014, kutumia vifaa vya masikioni, kumfahamisha mahali ulipo endapo dharura itatokea, na kuafikiana nani atapiga tena mawasiliano yakikatika.

Mzigo huo usiachiwe mgonjwa pekee. Kaunti ikitenga chumba cha faragha katika zahanati na maktaba zake, mnyonge naye atapata pa kusemea.