Usidharau Chombo Kidogo

Wako watu wanaofundisha kwamba elimu ya kweli haina budi kukaa katika mtambo mkubwa, uliotoka ng'ambo, unaonguruma na kula umeme kama moto ulavyo nyasi kavu. Msomaji kijana, usikubali fundisho hilo. Lakutia uvivu, tena laipofusha nchi yako.

Itazame mito ya Mlima Kenya. Mkulima wa Nanyuki huyavuta maji shambani kwake; mfugaji wa Isiolo, aliye chini ya Ewaso Nyiro, hukuta mchanga mtupu. Kila mmoja humshtaki mwenziwe. Nani ataamua, ikiwa hapana aliyepima? Mtambo mkubwa haukai bondeni ambako hapana waya wa umeme. Huko chafaa kihisi, yaani chombo kidogo cha kupimia joto, sauti au kina cha maji. Siri ya uhai wake ni kulala. Huamka kitambo kidogo, hupima, hutuma tarakimu chache kwa redio, kisha hulala tena. Maana redio ndiyo mlaji mkubwa wa betri. Mbunifu wake lazima ajiulize juu ya kila tarakimu: je, yastahili kutumwa? Akiba haiozi.

Watasema hizi ni ndoto. Mwaka 2004, karibu na Nanyuki, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavika punda milia kola zenye redio na vibamba vya kunasa nguvu za jua. Wanyama walipokutana, kola zilipeana habari za njia walizopita.

Watasema tena kwamba hiyo ni kazi ya wageni. Basi na waende Nyeri. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, watafiti wameunda vyombo vya kupima kina cha mto Muringato. Na mwaka 2016 walichapisha kumbukumbu ya sauti za ndege wa hifadhi yao.

Kweli, chombo hakiamui kesi. Ni shahidi tu. Lakini kesi isiyo na shahidi huamuliwa na mwenye nguvu. Kwa hiyo usingoje mtambo mkubwa uletwe. Shika hesabu, jifunze mambo ya umeme, zoea kutumia kidogo kwa akili nyingi. Kisha nenda ukaupime mto upitao kwenu, kabla haujakauka.