Usiuze prosesa kwa kilo kabla hujaisoma

Wadau wa kompyuta chakavu, hapa najua tutabishana. Mimi nasema kuuza prosesa za zamani kwa kilo bila kusoma maandishi yake ni kutupa hela. Mwaka jana nilimpimia jamaa mfuko mzima kwenye mzani. Baadae naangalia picha nilizopiga, kumbe humo kulikuwa na Intel 80386 yenye alama mbili, ΣΣ. Siku hiyo hata chakula hakikupita.

Alama ile sio pambo. Baadhi ya 386 za mwanzo zilikuwa zinakosea kuzidisha namba za biti 32. Zilizofaulu majaribio zikagongwa ΣΣ, zilizofeli zikaandikwa "16 BIT S/W ONLY". Na wakusanyaji wanazitaka zote, hadi iliyofeli!

Kingine, mwaka. Mtu anaona © 1978 kwenye 8086 anamwambia mteja imetengenezwa 1978. Hapana jamani, huo ni mwaka wa hakimiliki, chipu yenyewe inaweza kuwa ya miaka mingi baadae. Kwa AMD au Zilog tafuta tarakimu nne: 8532 ni wiki ya 32 ya mwaka 1985. Herufi ya mbele nayo, kwenye Intel za zamani C na D ni kauri, P ni plastiki.

Ukiona maandishi mapya juu ya mikwaruzo ya msasa, achana nayo, kuna watu wanasaga na kuchapa upya.

Mwenye ΣΣ dukani asikimbilie mzani, anitumie picha kwanza.