Kamera za ulinzi Lamu zisiuangalie mlango wa jirani

Majuzi nilialikwa na kamati ya shule moja kisiwani Lamu nitoe maoni kuhusu ununuzi wa kamera za ulinzi, zile ambazo wengi huziita CCTV. Tarakilishi mbili zilikuwa zimeibwa, na wazazi walikuwa wamekwisha kuchanga fedha. Mfanyabiashara aliyetoka Nairobi aliorodhesha aina kadha, akaisifu iliyo ghali kuliko zote: ile inayozunguka, inayokuza sura ya mtu aliye mbali na kunasa hata sauti. “Hii, mwalimu, haikosi kitu,” aliniambia. “Itaona mpaka mapaa ya mtaani.” Hapo mama mmoja aliyekuwa kimya tangu tuanze akauliza: “Na wikio la kwetu, mwanangu, litaonekana?” Mfanyabiashara hakujua wikio ni kitu gani.

Nami sina hakika kwamba vijana wetu wote wanalijua. Wikio ni ujenzi unaopita juu ya kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili ghorofani, wanawake wa ukoo wakapata kutembeleana pasi na kushuka njiani. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa na watu waliolifikiria sana jicho la mpita njia. Aingiaye nyumba ya mawe hukuta kwanza daka lenye baraza huku na huku, ambamo mwenye nyumba huzungumza na wageni. Baada ya daka ni tekani, na njia yake hupinda kabla ya kufika kiwandani, hivi kwamba hata mlango ukiachwa wazi mchana kutwa, aliye nje haoni ila ukuta. Walimu wa fasihi huwafundisha wanafunzi stara ya maneno katika tenzi za Lamu na Pate. Hii ni stara iliyoandikwa kwa chokaa na matumbawe.

Sipingi ulinzi. Sisi tulioishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, hatuwezi kuubeza. Ninalouliza ni kamera ya aina gani, nayo iangalie wapi. Katika mitaa kama Mkomani milango huelekeana, na punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu. Kamera niliyoifunga juu ya kizingiti changu, hata nikiwa na nia njema namna gani, itamwona jirani kila atokapo na kila aingiapo, imwone mgeni wake na saa aliyokuja. Lililositiriwa na tekani kwa vizazi litakuwa ndani ya simu yangu.

Shauri hili limewahi kufika mbele ya majaji ng’ambo. Mtu mmoja wa Ucheki aliyevunjiwa madirisha alifunga kamera chini ya paa la nyumba yake, ikawa inanasa njia ya umma na mlango wa nyumba ya mkabala. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayomulika njia ya watu haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo la nyumbani pekee. Kwetu, Katiba ya 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo humwachilia mtu ashughulikaye na mambo ya nyumbani mwake tu. Kuhusu kamera zetu za vichochoroni, nionavyo mimi, hoja ya majaji wale inatuhusu kuliko inavyowahusu wao wenye barabara pana.

Turudi kwa aina zenyewe, maana hapa ndipo fedha za wazazi hupotea. Ile yenye umbo la kuba hufungwa darini, na mtu hatambui kwa urahisi inaangalia upande gani. Sifa hiyo humfaa mwenye duka, jirani humtia shaka. Ile ndefu mfano wa risasi huonekana wazi imeelekea wapi, nami naipendelea kwa sababu hiyo hiyo. Nyingi huona gizani kwa miale ya infraredi, lakini ukiifunga karibu mno na ukuta mweupe wa chokaa, miale hurudi na picha yote ikawa ukungu. Zisizo na waya hushindwa na kuta nene za matumbawe. Isitoshe, nambari iliyoandikwa kwenye kasha, kama IP66, husema jinsi kamera inavyozuia vumbi na maji. Juu ya kutu ya chumvi ya bahari haisemi neno. Ya kuzunguka na ya kunasa sauti ningeziacha kabisa mjini humu.

Shule ina mzigo zaidi. Kanuni za 2021 zinazitaja kamera za CCTV za kuzuia uhalifu, taasisi za elimu na hata biashara za hoteli miongoni mwa wanaopaswa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hazikuwa picha za kamera ya ulinzi, lakini mtoto ni yule yule.

Kamati ilikubali kununua kamera tatu zisizozunguka: moja kwenye mlango wa chumba cha tarakilishi, ya pili ofisini penye sanduku la fedha, ya tatu langoni. Hiyo ya langoni itazibwa kwa weusi sehemu ya picha inayoangukia nyumba ya jirani, jambo ambalo mitambo mingi ya siku hizi huliweza. Mama yule aliomba aje aitazame picha hiyo mwenyewe kabla fundi hajalipwa, akakubaliwa. Lililobaki ni nani atakayeshika neno la siri la mtambo wa kuhifadhi picha, na picha zifutwe baada ya siku ngapi. Tutakutana tena Jumamosi.