Barua Pepe Inaingia, Haitoki

Mzazi mmoja wa Balangdalalu, wilayani Hanang, ametuletea swali lake kwa karatasi, na hakuwa na njia nyingine, kwani barua pepe ndiyo iliyomgomea. Yumo katika kamati ya shule ambayo ofisi yake ina anwani rasmi kwenye seva ya kukodi. Barua za kuwaombea ufadhili wanafunzi wanne zimerudi mara tatu, ilhali zinazotoka nje zinaingia bila taabu. Siku ya mwisho ya maombi inakaribia, na baadhi ya wazazi wameanza kunong'ona kwamba karani ameuza nafasi za watoto wao.

Tuanze na karani huyo, maana heshima ya mtu si jambo dogo. Kupokea barua na kupeleka barua ni kazi mbili mbalimbali. Seva hupokea barua kutoka kwa yeyote, mradi imeandikiwa mtu wake. Ikiombwa kuipeleka barua kwenye seva ya wengine, huuliza: wewe ni nani? Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kanuni alizoziandika Jonathan Postel mwaka 1982 hazikudai nywila, na seva ilimpitishia barua kila aliyebisha hodi. Walaghai wakazifanya seva hizo punda wa kubebea takataka zao, hata miaka ya 1990 ilipokuwa ikimalizika milango ikafungwa na utambulisho ukawekwa.

Jibu limo ndani ya ule ujumbe wa Kiingereza unaorudi, ambao wengi wetu huufuta bila kuusoma. Tazama namba yenye tarakimu tatu. Ikianza na 4, kizuizi ni cha muda, na seva itajaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, imekataa, na kubonyeza tena na tena ni kujichosha bure. Namba 535 hueleza kuwa jina au nywila haikukubaliwa. 530, kwamba utambulisho haukutolewa kabisa. Ndugu yetu ametunakilia 554 pamoja na neno relay, yaani seva imekataa kumpitishia barua mtu isiyemjua.

Kisha ametaja kwa kupitia tu jambo ambalo kwangu ndilo kiini: mwezi uliopita ofisi iliacha laini ya zamani ya intaneti, sasa inatumia kifurushi cha simu. Yaelekea seva ilikuwa ikiitambua ofisi kwa anwani ya laini ile, wala haikuwahi kuuliza nywila. Leo barua zinatoka kwenye anwani ngeni, na seva inafanya kama mlinzi yeyote mwaminifu angefanya.

Basi karani afungue mipangilio ya seva ya kutumia barua, aweke alama panapodai utambulisho, aandike anwani kamili kuwa jina, na nywila yake. Mlango uwe 587, si 25, ambao watoa huduma wengi huuziba. Na usimbaji uwashwe ili nywila isisafiri uchi. Aangalie pia tarehe ya kompyuta. Umeme ukikatika mara kwa mara na betri ndogo ya ndani ikafa, saa hurudi miaka ya nyuma, na hati ya usalama ya seva huonekana batili.

Huenda fundi akashauri seva ifunguliwe ipitishe barua za kila mtu. Msikubali. Walaghai wataigundua upesi, na shule itaingia kwenye orodha za waliozuiliwa, ambako kutoka ni kazi.

Iwapo barua zitatoka lakini mfadhili asizione, shida imehamia kwingine. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kikoa cha mtumaji kijithibitishe, angalau kwa rekodi ya SPF au sahihi ya DKIM. Hilo aulizwe aliyewakodisha seva.

Ama kwa wanafunzi wale wanne, msingoje fundi. Maombi yatumwe leo kwa anwani nyingine, na mfadhili apigiwe simu kuthibitisha kuwa ameyapata. Zile barua tatu zilizorudi zichapishwe. Kila moja ina tarehe na saa ambayo karani aliituma. Zisomwe mbele ya kikao cha wazazi, naye karani akiwapo.